Uzi Huja Mwisho

Nyuma ya goti, ndani kabisa katikati ya kano na mafuta, imepita ateri moja yenye upana wa milimita 6 hivi. Karibu damu yote inayokwenda kwenye muundi, kifundo na unyayo hupitia hapo. Juu imeshikwa na kano ya paja, chini imeshikwa na msuli wa shavu la mguu, kwa hiyo goti likiteguka kwa nguvu ateri haina pa kukwepea. Huvutwa hadi utando wake wa ndani ukapasuka, na juu ya mpasuko huo damu huganda. Kwa nje huenda lisionekane hata tone. Ngozi ni nzima, goti limevimba tu, na kijana aliyeanguka na bodaboda analalamika kwamba maumivu yamezidi na vidole vya mguu havimsikii.

Kati ya mishipa yote ya mikono na miguu, huu ndio uliowatesa madaktari wa upasuaji kuliko mwingine. Nataka kuifuata kazi ya kuuunga toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ni mojawapo ya kazi za mikono ninazozistahi mno. Mtu akiisikia kwa mbali hudhani ustadi wote uko kwenye ncha ya sindano. Ukiisogelea unaona kwamba sindano huingia kazini wakati kazi kubwa imeshafanyika, na kwamba daktari hodari hujulikana kwa yale aliyoyapanga kabla ya kuomba uzi.

Kwanza kuna saa. Misuli na neva zikikosa damu huanza kufa. Kipimo wanachokishika madaktari wengi ni saa 6: ndani ya muda huo mguu una nafasi nzuri, na ukishapita nafasi hiyo hupungua haraka. Hesabu haianzi mgonjwa anapofika mapokezi. Inaanza pale barabarani, pikipiki ikiwa bado imelala ubavu. Kwa hiyo mikono ya kwanza katika ufundi huu ni ya mpita njia. Jeraha linalorusha damu likandamizwe papo hapo kwa kitambaa safi na kiganja, kwa nguvu, bila kufunguafungua ili kutazama kama damu imekata. Kitambaa kinachofungwa kuuzunguka mguu juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, kwa mkazo wa nusunusu huleta hasara: huziba vena zinazorudisha damu moyoni huku ateri ikiendelea kusukuma, na damu inamwagika zaidi. Ikilazimu kufunga, basi mkanda ukazwe hadi damu ikate kabisa, na saa uliyokazwa iandikwe mahali ambapo kila atakayempokea mgonjwa ataiona.

Hospitalini, kifaa cha kwanza ni vidole. Daktari huutafuta mpigo juu ya mguu, kisha nyuma ya kifundo cha ndani. Hugusa kwa wepesi, maana akikandamiza mno anaweza kuusikia mpigo wa vidole vyake mwenyewe akadhani ni wa mgonjwa. Hulinganisha na mguu mzima. Hutazama rangi, hupima joto kwa mgongo wa kiganja, humwomba mgonjwa achezeshe vidole na aseme kama anahisi anapoguswa kati ya kidole gumba na cha pili. Zipo dalili ambazo zikionekana hakuna mjadala: damu inayoruka kwa mapigo, uvimbe unaokua ukiutazama, mtetemo unaosikika chini ya kiganja juu ya jeraha, au mguu ulio baridi, umepauka na hauna mpigo. Mgonjwa wa namna hiyo huenda moja kwa moja chumba cha upasuaji, bila kusubiri picha.

Wagonjwa wengine hawana dalili za wazi hivyo. Kwao kuna kipimo rahisi ambacho nakipenda kwa unyenyekevu wake: mkanda wa kupimia shinikizo la damu na kifaa kidogo cha Doppler cha kusikilizia mtiririko. Shinikizo la kifundo cha mguu hugawanywa kwa shinikizo la mkono. Mwaka 1991 madaktari wa Seattle, Marekani, walionyesha kwamba jibu likiwa chini ya 0.9 ateri inapaswa kuchunguzwa zaidi, na likiwa juu ya hapo ni nadra sana kukuta jeraha kubwa lililojificha. Hata hivyo mwenye busara hapimi mara moja akaondoka. Goti lililoteguka huweza kurudi mahali pake lenyewe kabla mgonjwa hajafika, mpigo ukawepo jioni, na bonge la damu likaziba mshipa usiku. Kurudi kwenye kitanda cha mgonjwa na kugusa tena ni sehemu ya kazi.

Kwa karne nyingi jibu la mshipa uliokatika lilikuwa ni kuufunga. Mwaka 1552, katika vita vya kuuzingira mji wa Damvillers, Ambroise Paré wa Ufaransa aliifunga mishipa kwa uzi baada ya kukata mguu, badala ya kuichoma kwa chuma cha moto kama ilivyokuwa desturi. Ilikuwa huruma kubwa na ustadi mkubwa, lakini kufunga kunaokoa uhai na kuuachia mguu bahati yake: mishipa midogo ya pembeni ikitosha kuulisha, utapona, isipotosha, utakufa. Mwaka 1759 huko Newcastle, Uingereza, daktari Hallowell alithubutu kuiziba ateri ya mkono iliyotobolewa, kwa kupitisha pini kwenye kingo za tundu na kuizungushia uzi, na damu ikaendelea kupita. Wengine waliojaribu baada yake walishindwa, na wazo likalala kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1896 John B. Murphy wa Chicago aliziunganisha ncha mbili za ateri ya paja la mtu kwa kuingiza moja ndani ya nyingine.

Mshono wenyewe tunaoutumia leo ulizaliwa Lyon. Juni 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu katika mji huo, vena kubwa ya ini ikakatwa, na madaktari wakubwa waliokusanyika hawakuwa na njia ya kuiunga. Alikufa saa chache baadaye. Daktari kijana wa hapohapo, Alexis Carrel, hakuridhika. Lyon ni mji wa hariri, na Carrel alikwenda kwa mdarizi, Bi. Leroudier, kujifunza kushika sindano nyembamba kuliko zile za hospitali. Yeyote aliyewahi kumtazama mshonaji wa kofia za mkono kule Lamu au Unguja akikizungushia uzi kitundu kidogo, kila pito likikaa kando ya jingine bila kukivuta kitambaa, ataelewa mara moja kwa nini alikwenda huko.

Mwaka 1902 Carrel alichapisha njia yake. Mdomo wa mshipa uliokatika ni duara, na duara laini hujikunja na kukwepa sindano. Yeye aliweka nyuzi tatu kwa umbali sawa, akazivuta pande tatu, na duara likawa pembetatu. Sasa kila upande ulikuwa mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka hushoneka. Alizipaka sindano na nyuzi zake za hariri mafuta ya vaselini ili zipite bila kukwaruza. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Carrel huyohuyo baadaye, katika kitabu chake cha 1935, alitetea mawazo ya kuwapanga binadamu kwa ubora wa mbegu, na hayo hayana sababu ya kuheshimiwa. Ninamstahi kwa mshono wake, basi.

Hapa historia inatoa fundisho zito. Mshono ulikuwepo tangu 1902. Dawa ya kuzuia damu kuganda, heparini, iligunduliwa Baltimore mwaka 1916 na kuanza kutumika kwa wagonjwa miaka ya 1930. Lakini Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Michael DeBakey na Fiorindo Simeone walikusanya taarifa za majeraha 2,471 ya ateri kwa askari wa Marekani na kukuta kwamba walioshonwa ateri walikuwa 81 tu. Wengine karibu wote mishipa yao ilifungwa. Kwa ujumla mguu au mkono ulikatwa kwa watu 40 katika kila 100. Ateri ya nyuma ya goti ilikuwa na hesabu mbaya kupita zote: asilimia 72.5 walipoteza mguu.

Walioandika takwimu hizo hawakulaumu mikono ya madaktari. Askari alikuwa anafika kwa mpasuaji muda mrefu mno baada ya kujeruhiwa, misuli ikiwa imeshakufa na jeraha limeshaoza. Katika Vita vya Korea, 1950 hadi 1953, helikopta zilimfikisha majeruhi kwenye hospitali za mahema karibu na mstari wa mbele. Damu ya kuongezewa ilikuwepo, dawa za kuua vijidudu zilikuwepo. Ndipo madaktari vijana kama Carl Hughes, Edward Jahnke na Frank Spencer walipoweza kushona mishipa kwa wingi, na kukatwa viungo kukashuka hadi takribani asilimia 13. Hata ateri ya goti ilishuka hadi karibu theluthi moja, na huko Vietnam ilibaki papo hapo. Uzi ulikuwa umesubiri miaka 50 ili gari, damu na saa viufikie.

Tuingie sasa chumba cha upasuaji. Kabla ya kisu, miguu yote miwili huoshwa kwa dawa toka kinena hadi vidole. Mguu usioumia huoshwa kwa sababu kiraka cha kuungia ateri kitatoka huko. Unyayo wa mguu ulioumia huvishwa mfuko safi wa plastiki unaoonyesha ndani, ili rangi yake ionekane muda wote bila kufunua kitu. Huu ni upangaji wa mtu anayeuona mwisho wa kazi kabla hajaanza, na kwangu hapa ndipo uzuri wa ufundi unapoanzia.

Kisha inakuja kanuni ambayo mwanafunzi huona ugumu kuitii: usiende penye jeraha. Nenda kwanza palipo pazima. Juu ya jeraha kuna bonge la damu ambalo ndilo linalozuia mvujo. Ukilifungua kabla ya kuushika mshipa juu na chini, chumba kinajaa damu, macho hayaoni kitu, na kibano kinachobandikwa kwa kubahatisha huweza kuiponda neva iliyo ubavuni. Kwa hiyo daktari hupasua ndani ya paja juu ya goti, akautafuta mshipa ulio mzima, akauzungushia kamba laini ya mpira. Hupasua tena chini ya goti akafanya vivyo hivyo. Sasa milango miwili iko mikononi mwake. Hapo tu ndipo huenda palipoharibika.

Hulikuta eneo baya kuliko lilivyodhaniwa. Ateri iliyokatwa kwa panga au kioo huwa na ncha safi, na wakati mwingine huweza kuungwa kwa kuzileta ncha pamoja. Ateri iliyovutwa na goti lililoteguka hudanganya. Kwa nje inaonekana imepata wekundu tu, ndani utando umechanika na kujikunja mbali zaidi ya alama ya nje. Daktari hukata kidogokidogo hadi aukute utando mweupe, unaong'aa, ulioshikamana na ukuta wake pande zote. Kuacha milimita chache za mshipa mbovu kwa kuhofia urefu utakaopungua ni kujiwekea bonge jipya la damu kabla ya asubuhi.

Kisha husafisha njia. Hupitisha ndani ya mshipa katheta nyembamba yenye puto nchani, akaishusha hadi karibu na kifundo, akalijaza puto kwa uangalifu na kulivuta taratibu, nalo hutoka na mabonge ya damu. Katheta hiyo ilibuniwa na Thomas Fogarty wa Cincinnati, aliyeanza akiwa kijana msaidizi wa chumba cha upasuaji. Puto lake la kwanza lilikuwa ncha ya kidole cha glovu, aliyoifunga kwenye katheta kwa mafundo aliyoyajua kutokana na uvuvi wa ndoana. Aliitangaza mwaka 1963. Huwa nafurahi kuona kwamba katika ufundi huu mdarizi na mvuvi wote wana sehemu yao. Baada ya katheta, mshipa husukutuliwa kwa maji ya chumvi yenye heparini. Kama mgonjwa hana jeraha la kichwa au tumbo, hupewa heparini mwilini pia. Kama analo, hunyimwa, kwa sababu dawa ileile ingemwagisha damu kwingine.

Hapa kuna uamuzi mwingine. Mfupa umevunjika, goti limelegea, na mshipa umekatika. Nani aanze? Mtaalamu wa mifupa akitangulia, mguu unaendelea kukosa damu. Wa mishipa akitangulia, nyundo na vyuma vitauvuruga mshono wake. Suluhisho ni la kiungwana: kipande cha mpira safi huingizwa kwenye ncha zote mbili za ateri na kufungwa kwa kamba, damu ikapita humo kwa muda. Kuna mipira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na pale isipokuwepo madaktari wametumia kipande cha mpira wa dripu uliotakaswa. Mguu unapata rangi. Mtaalamu wa mifupa anaunyoosha na kuufungia vyuma vya nje bila kukimbizana na saa. Kisha zamu inamrudia mwenzake, naye anapima urefu wa kiraka mguu ukiwa umenyooka, usije ukavutika mgonjwa atakaposimama.

Kiraka bora ni vena ya mgonjwa mwenyewe, ile ndefu iliyo chini ya ngozi inayoanzia mbele ya kifundo cha ndani na kupanda hadi kinena. Huchukuliwa kutoka mguu mzima, kwa kuwa kwenye mguu ulioumia huenda ndiyo njia pekee iliyobaki ya kurudisha damu. Kuitoa ni kazi ya subira: kila tawi hufungwa kwa uzi mwembamba, si karibu mno likaminya njia wala mbali mno likaacha kijifuko. Hujazwa maji polepole kutafuta matundu. Kisha hugeuzwa, upande wa chini ukawa juu. Ndani ya vena mna vijilango vinavyoruhusu damu kupita upande mmoja, kuelekea moyoni. Asiyeigeuza atakuwa ameshona kwa ustadi mkubwa bomba lililofungwa.

Sasa, hatimaye, uzi. Ni wa polipropilini, namba 5-0 au 6-0, unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Sindano imepinda na haina tundu, uzi umeungwa nyuma yake tangu kiwandani, ili shimo la sindano lisizidi sana unene wa uzi. Daktari amevaa miwani ya kukuza. Koleo lililo mkononi mwake huenda lina jina la DeBakey, yuleyule aliyezihesabu zile asilimia 72.5, maana alibuni pia koleo lenye meno madogo lisiloumiza mshipa. Hata nalo, daktari hashiki utando wa ndani. Hushika tabaka la nje tu, kwa sababu kila mkwaruzo ndani ni mwaliko kwa damu kuganda.

Sindano huingia wima na kutoka kwa kufuata mpindo wake, kifundo cha mkono kikizunguka, bila kusukuma. Kwenye ateri hupita kutoka ndani kwenda nje, ili iubane utando kwenye ukuta badala ya kuubandua. Milimita moja hivi kutoka ukingoni, milimita moja hivi kutoka pito lililotangulia. Upande wa pili msaidizi ameushika uzi, na kazi yake haisifiwi inavyostahili. Akiulegeza, damu itavuja. Akiukaza, mshono utajikunja na mdomo wa mshipa utakuwa mwembamba. Hauruhusiwi kubanwa kwa chuma, kwani uzi huo ukibanwa hupata ufa usioonekana na kukatika siku nyingine. Mafundo ni mengi, sita au saba, kwa sababu uzi wenyewe unateleza.

Kabla ya fundo la mwisho, kibano cha chini hulegezwa kidogo, damu irudi na kutoka na chochote kilichobaki. Cha juu nacho hulegezwa kwa nukta, hewa na vibonge vitoke. Hapo daktari humwambia mtaalamu wa usingizi kwamba anafungua. Damu iliyokuwa imetuama mguuni ina potasiamu na asidi, na ikirudi kwa ghafla inaweza kuusumbua moyo. Mtaalamu wa usingizi anajibu kwamba yuko tayari. Kibano cha chini kinatolewa, kisha cha juu. Kiraka kinajaa na kuanza kupiga. Kwenye matundu ya sindano hutokeza damu kidogo, na mwanagenzi anataka kuongeza nyuzi. Bingwa huweka shashi, akaikandamiza kidogo kwa kidole, akangoja dakika kadhaa. Mara nyingi hukauka yenyewe. Mwenda pole hajikwai.

Bado hajamaliza. Misuli iliyokosa damu kwa saa kadhaa huvimba ikishaipata, na katika muundi imefungwa ndani ya vyumba vinne vya utando usiotanuka. Uvimbe ukipanda humo, shinikizo linaiminya mishipa midogo, na mguu uliookolewa unakufa kwa njia nyingine. Kwa hiyo daktari hupasua ngozi na utando kwa urefu, upande wa nje na wa ndani, akavifungua vyumba vyote vinne na kuviacha wazi kwa siku kadhaa. Ndugu wa mgonjwa wakiliona jeraha hilo refu hushtuka, na wanapaswa kuelezwa mapema, kwa upole, kwamba ndilo linaloulinda mguu.

Ustadi una upande wake wa pili, nao ni kujua lini usishone. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi, mwili umepoa, ini na tumbo vimeumia, hawezi kuvumilia saa nne za kuunga mguu. Hapo daktari huweka mpira wa muda, au huufunga mshipa, akampeleka mgonjwa wodi ya mahututi apate joto na damu. Uhai kwanza, mguu baadaye. Kwenye kigasha kuna ateri mbili, na moja ikikatika huku nyingine ikilisha kiganja chote, kuifunga hutosha.

Msimu wa maembe una mtihani wake. Mtoto ameanguka mtini, mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko, na mpigo wa kifundo cha mkono haupo. Pupa ingesema pasua. Desturi njema husema nyoosha mfupa kwanza, kwa upole, chini ya dawa ya usingizi, maana mara nyingi ateri imekunjwa tu na mpigo hurudi. Mfupa ukishanyooka, mpigo usiporudi lakini kiganja kikawa chekundu na cha joto, mtoto hulazwa na kuangaliwa kwa karibu. Kikiwa baridi na kimepauka, hupasuliwa bila kuchelewa. Na vipande vya ubao vinavyofungwa kwa kukazwa juu ya mkono uliovimba, hata kwa nia njema, huweza kuua misuli ya kigasha kwa saa chache, mtoto akabaki na vidole vilivyokunjamana maisha yake yote.

Usiku unaofuata ni wa muuguzi. Kila saa hugusa kifundo, hutazama rangi, huandika. Yeye ndiye anayempigia daktari simu mpigo unapofifia, na daktari mwenye heshima kwa kazi yake hurudi kuufungua mshono wake mwenyewe bila kununa.

Afrika Mashariki ina mikono inayoweza yote haya. Mwanzoni mwa 2018 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, walirudishia kijana mkono uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, kazi ambamo mifupa, kano, neva na mishipa huungwa vyote. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999, kinawafundisha wapasuaji hukuhuku wanakofanya kazi. Tatizo letu linafanana na lile la Vita Kuu ya Pili zaidi ya tunavyopenda kukiri: mshono upo mjini, na mguu uko kilomita mia tatu kutoka mjini, umefungwa plasta bila mtu kuugusa mpigo.

Hatuwezi kumweka bingwa wa mishipa katika kila wilaya kwa sasa. Lakini daktari wa wilaya anaweza kufundishwa kuufichua mshipa, kuweka mpira wa muda, kufungua vyumba vya muundi, na kumpeleka mgonjwa mguu ukiwa unapata damu. Dereva wa bodaboda anaweza kufundishwa kukandamiza jeraha. Na kila anayempokea mgonjwa wa goti lililoteguka au mfupa uliovunjika anaweza, kuanzia leo, kugusa mpigo chini ya jeraha, kuandika alichokikuta na saa aliyokikuta, kisha kurudi na kugusa tena. Hayo hayahitaji bajeti mpya. Yakifanyika, mgonjwa atamfikia mwenye sindano akiwa bado na mguu wa kuungwa.